Tuliosimama Mlangoni mwa Kibanda

Mtaani kwetu Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya tisini, gemu ilikuwa ya jirani, na jirani mwenye gemu hakukosa wageni. Mashine yenyewe ilikuwa ya plastiki, imeigwa kwa Nintendo na watu ambao hawakuweka jina lao popote, na kaseti yake ya njano ilijigamba kuwa ina gemu 9,999. Zilikuwa chache tu, zikirudiwa kwa majina tofauti. Tulikaa sakafuni, wavulana wakubwa mbele, wadogo nyuma yao, wasichana pembeni karibu na mlango ili tukiitwa jikoni tutoke bila kumkinga mtu. Sheria ilikuwa moja: ukifa, unatoa pedi. Kaka zetu walipokufa walisema kitufe kimeganda, na zamu yao ikaanza upya.

Tuligombania zamu, basi. Sikumbuki mtoto hata mmoja, wa kike wala wa kiume, aliyeuliza kwa nini yule binti mfalme wa Mario anaibwa kila siku ya Mungu, wala kwa nini hasikiki mpaka aokolewe. Unavuka levo, unamwangusha bosi, unaambiwa binti yuko ngome nyingine, unaendelea na safari. Kama kilichoibwa kingekuwa gunia la mchele, gemu ingekwenda vilevile.

Alikotoka nilikuja kujua nikiwa mtu mzima. Mwaka 1981 Nintendo ilikuwa inahangaika kuuza mashine zake Marekani, ikampa mchoraji wake kijana, Shigeru Miyamoto, kazi ya kubuni gemu mpya. Walitaka kumtumia Popeye, baharia wa katuni, pamoja na Olive wake na hasimu wake Bluto. Kibali hakikupatikana. Basi Bluto akageuzwa sokwe, Popeye akawa seremala, na Olive akawa mwanamke anayeomba msaada juu ya mnara wa vyuma. Gemu ikaitwa Donkey Kong, na yule seremala ndiye baadaye akaitwa Mario. Mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu finyu mno, hazikuweza kusimulia kisa kirefu. Mwanamke aliyeibwa alisimulia kisa kizima kwa sekunde mbili karibu bila maandishi, na anayecheza akajua papo hapo afanye nini na kwa nini. Mimi siamini kwamba kulikuwa na nia mbaya. Ilikuwa njia ya mkato, na ilifaa. Kosa ni kwamba wengi waliokuja nyuma waliipita hiyohiyo, hadi mashine zilipokuwa na nafasi ya kusimulia riwaya nzima na bado watu wanaiba mabinti.

Na njia nyingine ilikuwepo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1980, Toru Iwatani wa kampuni ya Namco aliangalia kumbi za gemu za Japani akaona zimejaa wanaume na gemu za kupiga risasi. Akataka kitu ambacho wasichana, na wapenzi waliotoka matembezini, wangeingia kukicheza. Akaamua kiwe gemu ya kula. Ndiyo Pac-Man hiyo, na Marekani ikazaa Ms. Pac-Man mwaka 1982. Mwaka huohuo Carol Shaw alitoa River Raid akiwa Activision, na mwaka 1984 Roberta Williams akatoa King's Quest. Nawataja kwa sababu wapo wanaoamini kwamba wanawake wameingia kwenye gemu juzi, wakiwa wamebeba mabango. Walikuwepo tangu sebule ilipojengwa. Lakini mwaka 1983 soko la Marekani liliporomoka, na gemu ziliporudi madukani zilirudi kama midoli. Duka la midoli kule lina upande wa wavulana na upande wa wasichana, na kila kitu lazima kiwe na upande wake. Gemu zikaenda kwa wavulana. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa mashine ya mkononi, ikaiita Game Boy, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwetu, kibanda cha gemu kilikuja na PlayStation. Televisheni kadhaa, mabenchi, feni moja inayozunguka kwa shida, pazia mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Mashine zilikuwa zimechipiwa ili zisome CD za kuchoma. Winning Eleven huku, Tekken 3 kule, na mwenye kibanda katikati akikusanya sarafu za mechi na kutisha watu kwamba atazima. Hapakuwa na tangazo lolote la kukataza wasichana. Halikuhitajika. Mama angesikia nimeonekana kule ningechapwa, na kosa langu lisingekuwa gemu, lingekuwa wavulana. Wavulana wenyewe nao, ukiingia, mazungumzo yalibadilika. Mmoja ananyamaza, mmoja anaongeza sauti, na mmoja, siku zote yupo mmoja, anaanza kukuelekeza kitufe kipi ni cha teke na kipi ni cha ngumi, hata kabla hujakaa. Basi tulisimama mlangoni tukishika pazia. Tulizijua gemu zote kwa macho. Mateke ya Eddy Gordo naweza kuyasimulia hata leo kwa mpangilio, na vidole vyangu haviyajui.

Hapo mlangoni ndipo nilipomwona Lara Croft. Tomb Raider ilitoka mwaka 1996, kazi ya Core Design, kampuni ya mji wa Derby, Uingereza, na aliyembuni Lara ni Toby Gard. Mwanamke yuko peke yake pangoni, bastola mbili, hakuna mtu anayekuja kumwokoa. Wavulana wa kibandani walimpenda kwa sababu zao, na sababu zao zilichorwa kifuani mwake kwa pembetatu chache zenye ncha. Matangazo ya gemu yalizikuza zaidi, kiasi kwamba Gard mwenyewe, ambaye hakufurahishwa na namna mwanamke wake alivyokuwa akinadiwa, aliacha kazi mwaka 1997. Mimi nilimpenda Lara kwa sababu anaruka shimo na kutua ng'ambo, akishika ukingo kwa vidole, kisha anajivuta juu taratibu. Nilikuwa sijawahi kuona msichana akifanya hivyo kwenye kioo chochote.

Ubishi wote wa gemu uliokuja miaka mingi baadaye, ukiuondolea matusi yake, ulikuwa juu ya hilo tu: je, mwanamke wa kwenye gemu ni mtu au ni pambo? Kuhusu Lara, jibu la haki ni kwamba alikuwa vyote viwili kwa mpigo. Na alikuwa na mkubwa wake. Katika Metroid ya mwaka 1986 mchezaji alimaliza safari nzima akidhani aliyemo ndani ya deraya ni mwanamume, na kijitabu cha maelekezo kilimdanganya hivyohivyo. Mwishoni deraya inavuliwa: kumbe ni mwanamke, Samus Aran. Ni moja ya hila nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kwenye gemu. Lakini walioitengeneza hawakuishia hapo. Kadiri ulivyomaliza haraka, ndivyo Samus alivyoonyeshwa na nguo chache zaidi. Wamempa sifa ya shujaa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto wakamgeuza zawadi ya aliyekimbia sana.

Nairobi kulikuwa na kijana aliyetazama Lara akaona kazi ya kufanya. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya Kenya ya pande tatu (3D), ya mtindo uleule wa kukimbia na kutafuta mali za kale, na shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika. Kibandani kwetu haikufika. Kule kilifika kilichochomwa, na hakuna aliyechoma Nyangi.

Kilichofika ni San Andreas. Gemu hiyo ilitoka mwaka 2004, na nadhani hakuna mhusika wa kubuni aliyejulikana Afrika Mashariki kama CJ, shujaa wake, hata na watu ambao hawajui kuwasha mashine. Kodi zake za siri ziliandikwa nyuma ya madaftari ya hisabati, zikahifadhiwa kuliko hisabati yenyewe. Na kila mvulana wa kibandani alijua kwamba unaweza kumchukua mwanamke wa barabarani, ukamlipa, kisha ukamuua ukarudishiwa hela yako. Gemu haikuwaagiza. Iliwaachia mlango, wakaingia, na kicheko kilichofuata kilitufikia hadi tuliposimama. Tulicheka pia, kwa sababu mlangoni usipocheka unaonekana.

Mwaka 2005 San Andreas ilizua kashfa kubwa Marekani. Nilisoma kwenye gazeti nikadhani, naam, wameona. Kumbe iligundulika kwamba ndani ya gemu mmefichwa kipande cha CJ akilala na mpenzi wake, ambacho wajuzi wa kompyuta waliweza kukifungua. Hillary Clinton, wakati huo seneta, alitaka uchunguzi ufanyike. Gemu ikapandishwa daraja hadi ya watu wazima pekee na maduka makubwa yakaiondoa. Mapenzi ya hiari ya watu wawili yaliitikisa nchi. Wale wanawake wa barabarani hawakutajwa sana. Ndivyo ubishi ulivyokuwa zamani, ulikuwa wa wazee na watoto. Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliziita kampuni kuzihoji juu ya Mortal Kombat na Night Trap, na mwaka uliofuata zikaanza kuwekewa alama za umri. Swali lilikuwa gemu itamharibu nani. Inamwonyesha nani, na kwa sura gani, lilikuwa swali la watu wachache waliosikilizwa na wachache zaidi.

Kisha ikaja gemu iliyotugusa sisi wenyewe, na hatukugutuka. Machi 2009 kampuni ya Japani, Capcom, ilitoa Resident Evil 5. Toleo la kabla yake, la mwaka 2005, lilikuwa la Mmarekani aliyetumwa Hispania kumwokoa binti wa rais (mfalme kawa rais, binti kabaki palepale), akiua wanakijiji waliogeuzwa mazombi. Safari hii Mmarekani mweupe, Chris Redfield, anafika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, na wanaomjia na mapanga ni Waafrika. Gemu inasema ni Afrika Magharibi. Mazombi wanasema Kiswahili. Wanaitwa Majini. Yupo mdudu anayeruka aitwaye Kipepeo, yupo wa miguu mingi aitwaye Bui Kichwa, na lipo popo kubwa la kutisha liitwalo Popokarimu, ambalo ukarimu wake mpaka leo sijauona.

Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007 watu walianza kusema, na mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi mweusi aliyekuwa jarida la Newsweek, akalieleza jambo vizuri kuliko wengi: picha zile zimebeba historia ndefu ya kumchora mtu mweusi kama kundi lisilo na sura, la kuogopwa, na waliozitengeneza walionekana hawaijui historia hiyo. Akajibiwa haraka. Mbona Wahispania waliuawa na hamkusema? Wajapani wana kosa gani? Ni gemu tu! Ubishi ukaenda na kurudi kati ya Marekani, Uingereza na Japani. Ndani ya gemu Chris ana mwenzake, Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika, askari hodari. Na kama Samus, naye ana kabati la zawadi. Ukifika mbali unamfungulia vazi la "kikabila", ambalo ni vipande viwili na michoro mwilini. Jinsia na rangi vilipanga chumba kimoja, lakini waliobishana juu ya rangi hawakumtazama sana Sheva, na waliokuja kubishana juu ya wanawake walikuwa na mengine ya kutazama.

Na sisi wenye lugha? Tuliiona kwa rafiki yetu mmoja, wa kwanza kati yetu kuwa na PlayStation 3. Tulisogea karibu na spika kusikiliza. Tulicheka hadi tukalia. Rafiki yetu wa Unguja aliketi akisahihisha matamshi ya mazombi mmoja baada ya mwingine, kabla hawajapigwa risasi. Tulifurahi, nadhani, kusikia tunatajwa. Mamilioni ya watu tulikuwa tumepewa nafasi katika gemu kubwa duniani, na nafasi yenyewe ilikuwa ya kunguruma. Sijaona gazeti letu hata moja la wakati ule lililolishika jambo hilo kwa uzito. Kuna mjadala ulikuwa unaendelea ndani juu yetu, na sisi tulikuwa palepale tulipozoea, mlangoni, tunashika pazia.

Mwaka 2012 Anita Sarkeesian, mhakiki wa utamaduni aliyeishi Marekani, aliwaomba watu wamchangie dola 6,000 atengeneze video za kueleza namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu. Alipata karibu dola 159,000. Sehemu ya fedha hizo, niseme ukweli, alichangiwa na waliomtukana: matusi yalikuwa mengi na machafu kiasi kwamba watu wasiomjua walitoa hela kwa hasira. Mmoja alitengeneza kigemu cha kumpiga usoni. Video zilipotoka, kuanzia 2013, nilizitazama nikitarajia moto. Nilikuta mwalimu mtulivu, mwenye hereni kubwa, akirudi nyuma hadi kwa binti wa Donkey Kong na kuhesabu mabinti walioibwa, mmoja mmoja, kwa ushahidi. Kila mara alikumbusha kwamba mtu anaweza kukipenda kitu na bado akaona kasoro zake. Kuna mahali sikukubaliana naye. Nadhani hakumtendea haki Lara, na orodha ndefu huwa inaweka vitu visivyofanana kwenye fungu moja. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema kwa sauti kile kilichokuwa kikipita mbele ya macho yangu tangu sakafuni kwa jirani.

Agosti 2014 ikapasuka ile iliyoitwa Gamergate. Ilianza na mtengenezaji gemu Zoë Quinn, ambaye mpenzi wake wa zamani alimwanika hadharani, na kutokana na maelezo hayo watu wakadai kwamba alipata uhakiki mzuri kwa njia ya mapenzi. Uhakiki huo haukuwahi kuandikwa. Wapo waliojiunga wakiamini kwa dhati kwamba wanatetea uaminifu wa waandishi wa habari za gemu, na waandishi hao kweli walikuwa karibu mno na kampuni. Lakini waliofukuzwa makwao kwa vitisho hawakuwa wakuu wa kampuni. Walikuwa wanawake: Quinn, Sarkeesian, Brianna Wu. Oktoba mwaka huo Sarkeesian alikuwa azungumze katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, ikaja barua pepe ya kutishia mauaji ya halaiki. Aliomba watu wapekuliwe mlangoni. Polisi wa chuo wakasema sheria ya jimbo haiwaruhusu kumzuia mwenye kibali cha bunduki kuingia nayo. Akafuta mhadhara.

Nikiangalia nyuma, kinachonisikitisha ni jinsi gemu zenyewe zilivyopotea katika kelele hiyo. Kabla yake ungeweza kusema kwamba Samus ni hila nzuri yenye mwisho mbaya, watu wakajadili habari za Samus. Baada yake, swali la kwanza lilikuwa wewe ni wa upande gani. Hata sasa imebaki hivyo. Mwaka 2020 ilipotoka The Last of Us Part II, na ndani yake mwanamke mwenye misuli aitwaye Abby, aliyechorwa bila nia ya kumpendeza mtu, Laura Bailey aliyeigiza sauti yake alitumiwa vitisho vya kuuawa. Kwa sababu ya mikono ya katuni na kisa cha kubuni.

Kampuni nazo zilijifunza somo, ila zilichagua sura rahisi. Picha ni rahisi kubadilisha. Unaajiri mwandishi, unapunguza kifua, unaongeza suruali, unaweka mwanamke kwenye jalada, na tangazo linajiandika. Ndani ya ofisi ni kazi nyingine. Mwaka 2018 mambo ya ndani ya Riot Games yalianikwa, na mwisho wa 2021 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 100 katika kesi ya ubaguzi wa kijinsia. Julai 2021 jimbo la California liliishtaki Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa malipo na vyeo visivyo sawa na kwa unyanyasaji. Wafanyakazi waligoma. Desemba 2023 kesi iliisha kwa makubaliano ya takriban dola milioni 54, kampuni ikikana kosa na madai ya unyanyasaji yakiondolewa. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa ameshapata haki zake siku nyingi. Aliyekaa mezani akimchora ndiye aliyekuwa bado anadai mshahara.

Mwaka huohuo wa 2023 mambo mawili mengine yalitokea, na sikuona mtu akiyaweka pamoja. Sarkeesian alitangaza kwamba anafunga shirika lake, Feminist Frequency, baada ya zaidi ya miaka kumi, alikuwa amechoka. Na Septemba ikatoka EA Sports FC 24, ambayo ndani ya Ultimate Team iliwaruhusu wanawake na wanaume kucheza timu moja, uwanja mmoja. Hii ndiyo gemu ya kwetu, tusidanganyane. Gemu ya mpira ndiyo inayolipa kodi ya kila kibanda kuanzia Mbagala hadi Kisumu. Wanawake walikuwa wameshaingia tangu FIFA 16, mwaka 2015, timu za taifa 12, lakini waliwekwa pembeni wacheze wao kwa wao. Sasa Sam Kerr anaweza kupokea pasi ya Mbappé.

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kulalamika, kana kwamba mimi nina hisa huko. "Shangazi, wameharibu gemu. Mwanamke atamkabaje Haaland? Hakuna uhalisia." Nikamuuliza timu yake ina nani. Akanitajia, kwa fahari, Pelé na Johan Cruyff. Nikamwambia Cruyff alifariki 2016 na Pelé tumemzika juzi. Maiti wanakimbia dakika tisini kwenye timu yako na pumzi hawana, hilo uhalisia umelipita. Anayekusumbua ni Sam Kerr, Mwaustralia mzima wa afya. Alicheka, lakini alisema hizo ni legendi, ni tofauti. Wiki chache baadaye dada yake akaniambia kijana amemnunua mwanamke, Alexia Putellas, maana bei yake ilikuwa nzuri na anapiga pasi. Hicho ndicho kilichombadilisha: pasi. Sikumkumbusha.

Dada yake huyo ndiye mchezaji hasa wa nyumba ile. Ana miaka kumi na saba na anacheza gemu ya vita kwenye simu, watu wanne wanne, wanaongea kwa maiki. Kibanda kimehamia humo ndani, pamoja na benchi lake na wavulana wake, na hakuna pazia. Jina analotumia ni la kiume na maiki yake imezimwa. Nikamweleza habari za Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kama QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje kucheza Tekken, Tekken hiihii niliyoitazamia mlangoni. Anamjua. Anamfuatilia, anampenda. "Lakini Shangazi, yule yuko jukwaani, watu wanamwona anavyopiga. Mimi nikifungua mdomo tu, mechi imekwisha. Kuanzia hapo wananijadili mimi. Nina miaka mingapi, niko wapi, nani kaniachia simu. Wenzangu wanakufa kwa sababu wanasubiri nijibu."

Anamaliza wa kwanza mara nyingi. Wanamwita "kaka", wanamsifu, wanamwomba acheze nao tena kesho. Bibi yake, yaani mama yangu yuleyule wa fimbo, huwa ameketi pembeni yake kwenye kochi na Candy Crush mkononi, levo ya elfu na kitu, na ukimwambia kwamba naye ni mchezaji wa gemu anakasirika kweli.

Nikamuuliza binti kama amewahi kuwaripoti wanaotukana. Amewahi, kitufe kipo. Anasema alijibiwa na mashine ikamshukuru kwa kusaidia kuifanya jamii iwe salama, na usiku huo akapangwa tena na mtu yuleyule. Akataka kujua kama enzi zetu tulikuwa na pa kulalamika. Nikamwambia tulikuwa napo, tulikuwa tunakwenda kwa mama, tunamweleza walichotufanyia kibandani, na mama anatuchapa sisi.

"Ya nini kwenda kule?" akasema bibi yake, bila kuinua macho kwenye simu.